Kapasita Haijui Kama Plagi Imechomolewa: Barua ya Wazi kwa VETA

Kwa Mkurugenzi Mkuu na wajumbe wa Bodi, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA)
Nakala: Shirika la Viwango Tanzania (TBS)

Ndugu Mkurugenzi Mkuu, ndugu wajumbe,

Ninawaandikia hadharani kwa sababu ombi hili linawagusa pia mafundi wa mitaani, wauza spea na wenye nyumba, nao wana haki ya kulisikia likitolewa. Ninaomba utengenezaji wa maikrowevu utengwe na utengenezaji wa vifaa vingine vya jikoni, katika mafunzo na katika upimaji. Fundi yeyote, awe amepita chuoni kwenu au amejifunzia kwenye benchi la mtaani na sasa anakuja kurasimishiwa ujuzi wake, asihesabiwe kuwa anaweza kufungua maikrowevu mpaka mpimaji amwone kwa macho akifanya mambo mawili: kutoa chaji kwenye kapasita, na kuhakikisha kwamba mlango na swichi zake vinaizima mashine kama ilivyokusudiwa. Sisemi kwamba vyuo vyenu havifundishi hatari za umeme. Ninachosema ni kwamba cheti cha ufungaji umeme au cha elektroniki, kwa jina lake tu, hakimwambii mteja kama aliyekishika amewahi kuyafanya hayo mawili hata mara moja.

Pasi, birika, blenda, feni, jiko la umeme: vyote hivi vina tabia moja, ukichomoa plagi hatari ya umeme imekwisha. Fundi hujifunza hilo mapema kabisa, na miaka ikipita mkono wake hulijua kuliko kichwa chake. Maikrowevu inaivunja kanuni hiyo. Ndani yake kuna transfoma inayopandisha volti 230 za ukutani hadi kama 2,000, kisha kapasita na dayodi hushirikiana kuzifikisha karibu 4,000 ili magnetroni, ile neli ya utupu inayozalisha mawimbi, ifanye kazi. Kapasita yenyewe, ambayo kwa kawaida ina ukubwa wa mikrofaradi 1 hivi, inaweza kubaki na volti elfu mbili au tatu baada ya plagi kuchomolewa. Watengenezaji wanalijua hilo, na ndiyo maana kapasita nyingi huwekewa ndani rezista ya megaomu 10 ya kunyonya chaji polepole; rezista ikiwa nzima, chaji huwa imekwisha ndani ya dakika moja. Tatizo ni kwamba rezista hiyo haionekani. Ikikatika, kapasita haivimbi, hainuki, haibadiliki sura, na oveni inaendelea kupasha chakula kama kawaida. Siku ikifunguliwa, fundi aliyeambiwa "subiri kidogo" atasubiri kidogo, kisha ataingiza vidole. Nishati iliyomo si nyingi, joule nne hivi, lakini hutoka yote kwa mpigo mmoja, na ikipata njia kutoka mkono huu hadi ule inapita kifuani.

Oveni ikiwa imewashwa hali ni mbaya zaidi, na hapa uzoefu wa zamani ndio unaomdanganya fundi. Waliokulia kwenye televisheni za kioo kinene walizoea volti 20,000 na zaidi nyuma ya kioo. Wengi walipigwa, wakaruka, wakabaki na hadithi ya kusimulia. Walinusurika kwa sababu mkondo wenyewe ulikuwa mdogo mno. Transfoma ya maikrowevu ina volti chache kuliko hizo, lakini inaweza kusukuma mamia ya miliampea, ilhali miliampea mia moja zikipita moyoni zinatosha kuyavuruga mapigo yake yasirudi. Wala kikata-umeme cha nyumbani hakitamwokoa, hata kile cha kisasa kinachohisi umeme unaovuja kwenda ardhini. Upande wa volti kubwa umetenganishwa na umeme wa ukutani, na ncha yake moja imeungwa kwenye bodi ya oveni. Kwa hiyo umeme unaopita mwilini mwa fundi unarudi kwenye transfoma ileile bila kile kifaa ukutani kuona tofauti yoyote. Ushahidi mchungu umetoka Marekani, ambako watu walizing'oa transfoma hizi kwenye oveni mbovu ili wachore michoro ya kuungua juu ya mbao. Waliokufa walikuwa wengi kiasi kwamba chama cha wakereza mbao cha huko, American Association of Woodturners, kiliipiga marufuku kazi hiyo katika shughuli zake. Baadhi yao walikuwa na mikono iliyozoea kazi na vifaa. Kilichowaponza ni kudhani kwamba kitu kilichotoka jikoni kina hatari ya kijikoni.

Ukisikiliza mazungumzo ya mtaani, hata hivyo, hofu yote imeelekezwa kwingine. Mtu haogopi kapasita, anaogopa "mionzi". Anaambiwa asisimame mbele ya maikrowevu, anaambiwa chakula kinaingia sumu isiyoonekana, na anaambiwa saratani. Labda asili ya magnetroni imechangia: haikuzaliwa jikoni, iliboreshwa wakati wa vita na wanafizikia Randall na Boot pale Birmingham, Uingereza, mwaka 1940 kwa ajili ya rada, na ni mwaka 1945 ndipo Percy Spencer wa kampuni ya Raytheon alipoigeuza kuwa kifaa cha kupikia. Lakini mawimbi yake, yenye masafa ya megahezi 2,450, ni jirani wa yale ya Wi-Fi. Yanatikisa maji yaliyomo kwenye chakula hadi yapate joto, hayana nguvu ya kuuvunja muundo wa chembe hai kama eksirei, na oveni ikizimika hakuna kinachobaki ndani ya wali. Yakivuja kwa wingi yanaunguza, na jicho ndilo linaloumia upesi kwa sababu lenzi yake haina damu ya kuondoa joto. Hatari hiyo ni ya kweli, ina kipimo, na inazuilika. Madhara ya hofu iliyopotea njia ni kwamba fundi anayeamini kuwa adui ni mionzi hujiona salama mara tu oveni inapozimwa, yaani katika dakika ileile ambayo anapaswa kuwa makini kuliko zote.

Sasa mlango. Huu ndio upande unaomhusu mteja kuliko fundi, maana kosa la kapasita humpata aliyelifanya, bali kosa la mlango hubaki nyumbani kwa mtu mwingine. Nyuma ya komeo la mlango kuna kwa kawaida swichi tatu ndogo. Mbili hukata umeme mlango unapofunguliwa. Ya tatu ni mlinzi wa wenzake: mlango ukifunguliwa huku swichi iliyotakiwa kukata imeganda, hiyo ya tatu hupiga shoti kwa makusudi ili fyuzi iungue na mashine ife. Ni ubunifu wa kupendeza, kwa sababu umekusudiwa kuharibikia upande wa usalama. Kwa fundi asiyeujua, hata hivyo, ugonjwa unaonekana kuwa "fyuzi inaungua kila ukifungua mlango", na dawa inaonekana wazi: aiondoe swichi ya tatu, au aweke kipande cha waya mahali pa fyuzi. Oveni inapona papo hapo. Mteja analipa, anaondoka ameridhika, funika kombe mwanaharamu apite. Alichokipeleka nyumbani ni oveni inayoweza kuendelea kutoa mawimbi mlango ukiwa wazi, mbele ya uso wa yeyote anayeinama kuangalia kama maandazi yamepata moto. Swichi iliyoganda ni miongoni mwa spea za bei ndogo kabisa humo ndani. Iliyokosekana ni elimu ya kujua kwamba fyuzi ilikuwa inasema kweli.

Upimaji wa uvujaji nao una kanuni zinazoeleweka. Marekani iliweka tangu mwaka 1971 kikomo cha miliwati 1 kwa sentimita ya mraba kabla ya oveni kuuzwa, na miliwati 5 kwa maisha yake yote ya kazi, ikipimwa sentimita 5 kutoka kwenye bodi. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60335-2-25 kinasema wati 50 kwa mita ya mraba, ambayo ni miliwati 5 hizohizo kwa jina jingine. Kipimo hufanywa kwa bilauri ya maji ndani ya oveni na mita maalumu inayopitishwa taratibu kuzunguka mlango mzima. Mtaani kuna jaribio mbadala la kuweka simu ndani ya oveni iliyozimwa na kuipigia. Ikiita, oveni inahukumiwa kuwa inavuja. Jaribio hilo linahukumu bila haki, kwani simu husikia mawimbi dhaifu mno, dhaifu mara nyingi kuliko kiasi chochote cha kumdhuru mtu. Tena linakaribisha siku ambayo mtu atasahau na kubonyeza kitufe cha kuwasha. Kwenye mwambao wetu ningeongeza uangalizi wa jambo lisiloandikwa sana kwenye vitabu vya huduma vya viwandani: hewa ya chumvi. Rangi ya ndani ikibanduka, bati hupata kutu, kutu huwa tundu, na bawaba hulegea. Oveni ya Tanga au Mtwara inastahili kupimwa mlango hata kama imeletwa kwa tatizo la taa tu.

Nimetaja oveni kwa ujumla, lakini aina inayonisumbua zaidi ni ile yenye vitu vitatu kwa pamoja: maikrowevu, grili, na oveni ya hewa moto yenye feni nyuma. Inauzwa kama jiko, inaonekana kama jiko, na malalamiko yake mengi ni ya jiko. "Grili haiwaki." "Feni inalia." "Keki haiivi chini." Fundi wa majiko anaipokea kwa moyo mweupe, kwa sababu koili ya grili anaijua: ya wati 1,000 kwenye volti 230 inatakiwa kusoma karibu omu 53 kwenye mita, ikisoma bila kikomo imekatika. Hesabu yake ni sahihi kabisa. Lakini ili aifikie koili hiyo huwa analazimika kuondoa kifuniko kilekile cha bati kinachofunika kapasita, na mkono wake utapita sentimita chache kutoka kwenye kitu ambacho hakukifikiria kwa sababu hakikuhusika na malalamiko. Joto la grili na oveni pia huchosha mlango na vikata-joto, na kikata-joto kinachokatika mara kwa mara ni kishawishi kingine cha kuunga waya moja kwa moja. Kwa hiyo mstari wa kugawa kazi usipite kati ya "upande wa grili" na "upande wa maikrowevu", kwa sababu ndani ya bati hakuna ukuta kati yao. Upite kwenye kifuniko chenyewe. Kilicho nje ya kifuniko, yaani plagi, sahani ya kioo na magurudumu yake, na kile kibao cha maika kinachoungua kwa mafuta na kurusha cheche (ambacho watu wengi hudhani ni magnetroni iliyokufa, wakaitupa oveni nzima), kiachwe kwa fundi yeyote na hata kwa mwenye nyumba, mradi plagi imechomolewa. Kilicho ndani kiwe cha aliyepimwa.

Mtaniuliza gharama. Jibu langu ndilo msingi wa barua hii: karibu uchunguzi wote wa maikrowevu unaweza kufanywa oveni ikiwa baridi, haina umeme, na kapasita imetolewa chaji. Nyuzi za ndani ya magnetroni zinatakiwa kusoma chini ya omu 1, na kati yake na bodi mita isisome kitu. Transfoma inapimwa ukinzani wa koili zake. Swichi za mlango zinapimwa kwa kufungua na kufunga mlango huku mita imeungwa. Dayodi peke yake inataka ujanja kidogo, na hapo mafunzo yanaokoa fedha pia. Dayodi ya volti kubwa ni safu ya dayodi nyingi zilizopangwa pamoja, na volti chache zinazotoka kwenye mita ya kawaida hazitoshi kuifungua. Mita huionyesha imekatika pande zote mbili hata ikiwa mpya, naye fundi huitupa. Betri ya volti 9 ikiungwa pamoja nayo na mita, ukweli unaonekana. Hakuna hata kimoja kati ya vipimo hivi kinachohitaji mtu apime volti 4,000 oveni ikiwaka, na mita zinazouzwa Kariakoo hazikutengenezwa kwa volti hizo. Anayejaribu anashika kitu kinachoweza kupasuka mkononi. Chuo kinahitaji basi oveni chache mbovu, rezista ya kutolea chaji yenye mpini mrefu, bisibisi zenye insulesheni nzuri, na mita moja ya kupima uvujaji. Vyuo vinavyofundisha majokofu vinatumia vifaa vya gharama kubwa kuliko hivyo.

Nimeyataja majokofu makusudi, kwa sababu kuna watakaosema kwamba kifaa kimoja hakistahili mafunzo yake peke yake. Baada ya Itifaki ya Montreal ya 1987 ya kulinda tabaka la ozoni, mafundi wa majokofu katika nchi nyingi, yetu ikiwemo, walilazimika kujifunza upya namna ya kushika gesi, ingawa walikuwa wakitengeneza friji kwa miaka. Hakuna aliyeona ajabu kwamba gesi moja iwe na kanuni zake. Kama tuliweza kumfundisha fundi upya kwa ajili ya anga, tunaweza kumfundisha kwa ajili ya kifua chake mwenyewe.

Wengine watasema maikrowevu ni kifaa cha wachache. Ni kweli kwamba kaya nyingi bado zinapika kwa mkaa, kuni au gesi. Lakini anayehesabu kaya anahesabu kitu kisichohusika, kwa sababu hatari haiko kwa mwenye kifaa, iko kwa anayekifungua, na oveni za mtaa mzima, za mahoteli, za kantini za ofisi na zile zilizoingia zikiwa zimetumika kutoka Ulaya na Ghuba huishia kwenye mabenchi machache. Uchache wa kifaa unazidisha tatizo: fundi anayekipata mara mbili kwa mwaka hana nafasi ya kukizoea. Hoja ya kwamba mtu ametengeneza miaka mingi na hajafa naielewa, na siidharau, maana ujuzi wa mtaani ndio unaobeba nchi hii. Ila kapasita nyingi anazozigusa zina rezista nzima. Miaka yote hiyo alikuwa akilindwa na kitu asichokijua, na kinga ya namna hiyo haimwagi mtu siku inapoondoka. Kuhusu leseni, ile ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inahusu ufungaji wa mifumo ya umeme, nasi tumekwisha kuona jinsi vishoka, mafundi wasio na leseni, walivyoshamiri kando yake. Ndiyo maana siombi leseni mpya wala ada mpya. Ninaomba kipengele cha vitendo ndani ya cheti ambacho tayari mnakitoa, kiandikwe wazi kwenye cheti hicho ili mteja akisome.

Hoja nzito kuliko zote ni ile inayosema oveni mbovu itupwe tu, inunuliwe mpya. Kwa oveni yenye tundu la kutu kwenye mlango nakubali mara moja, na fundi aliyefundishwa ndiye atakayejua kusema hapana. Lakini nyingi zinazotupwa zina kosa la swichi, fyuzi au maika. Na oveni iliyotupwa kwetu haifiki kwenye mtambo wa kuchakata taka. Inamfikia kijana anayetafuta shaba, ambaye ataivunja ili apate koili ya transfoma, naye hajui kwamba keramiki ya baadhi ya magnetroni, hasa za zamani, ina oksidi ya beriliamu ambayo vumbi lake huharibu mapafu. Kutupa hakuondoi hatari. Kunaihamishia kwa asiye na bisibisi wala mwalimu.

Kwa TBS nina maneno machache. Mnapokagua maikrowevu zinazoingia nchini, hasa zilizotumika, mlango upimwe kwa mita, na ithibitishwe kwamba swichi zote tatu zipo na hazijarukwa. Tume ya Nguvu za Atomu, ambayo tayari hupima mawimbi ya minara ya simu, inaweza kuombwa kuhakiki mita za uvujaji za vyuo na za karakana zinazotaka, maana mita isiyohakikiwa ni mapambo. Onyo la kapasita liwe la Kiswahili, libandikwe kwenye kifuniko, karibu na skrubu ambazo fundi atazifungua kwanza.

Na upimaji wenyewe, ndugu wajumbe, msiufanye wa maandishi. Swali la kuchagua jibu litapata jibu sahihi kutoka kwa kila mtu, kwa sababu kila mtu anajua kuandika kwamba kapasita itolewe chaji. Mtahiniwa aletewe oveni ya grili juu ya benchi, mpimaji akiwa amehakikisha mwenyewe kwamba haina chaji, na aambiwe jambo moja tu: mteja anasema grili haiwaki. Asitajiwe kapasita wala maikrowevu. Aachwe afanye kazi yake. Mpimaji aangalie kama plagi imechomolewa na kuwekwa mahali anapoiona, kama saa na pete zimevuliwa, kama baada ya kifuniko kutoka mkono mmoja umekaa nyuma, kama ncha za kapasita zimeunganishwa na kisha kila moja ikaguswa kwenye bodi, na kama amerudia hayo yote baada ya kuiwasha oveni kuijaribu. Mwisho aangalie kama skrubu zinazoshika transfoma zimekazwa kabla kifuniko hakijarudishwa, kwa sababu ndizo njia ya umeme mkubwa kurudi ulikotoka. Atakayefikia koili ya grili kabla ya kapasita arudi darasani, hata kama grili imewaka.